Swali la lugha: Mtu wa mwaka 1873 anaweza kudai hela zake?

Swali: Tunaandika tamthilia ya televisheni inayotokea Unguja mwaka 1873, wakati soko la watumwa linafungwa. Mshauri wetu wa historia anataka wahusika waseme Kiswahili cha enzi hiyo. Mtayarishaji anasema tukifanya hivyo watazamaji watahama stesheni. Tumsikilize nani?

Jibu: Msikilizeni mtayarishaji kwenye sarufi na mshauri kwenye msamiati. Sentensi zijengwe kama tunavyosema leo, ila majina ya vitu, fedha, vyeo, nyakati na salamu yawe ya wakati wake. Mtazamaji hajali kama njeo ya kitenzi ni ya zamani au ya sasa. Lakini mfanyabiashara wa pembe za ndovu akisema "nataka hela zangu", anayejua atacheka, na asiyejua atakuwa amedanganywa.

Kubaki na sarufi ya leo si uvivu. Kiswahili cha mji wa Unguja ndicho alichokieleza mmisionari Edward Steere katika kitabu chake cha mwaka 1870, na ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu kamati ya lugha ilipoanza kazi mwaka 1930. Tofauti zipo, kwa mfano "nalikwenda" badala ya "nilikwenda", lakini ni chache kiasi kwamba hazifai kumchosha mtazamaji. Mkitaka ladha, wapeni umbo hilo wazee wawili watatu tu, na walishike mwanzo hadi mwisho. Mhusika anayesema "nalikwenda" asubuhi na "nilikwenda" jioni anaonekana hakukariri vizuri.

Kosa kubwa zaidi la waandishi wanaotafuta ukale ni kuchota lugha ya tenzi. Tenzi nyingi maarufu ni za Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, tena ni lugha ya ushairi. Ukiiweka kinywani mwa mchuuzi wa Unguja umekosea mara mbili: mahali na mtindo. Hakuna aliyenunua samaki kwa mistari ya mizani nane.

Sasa twende kwenye maneno yenyewe. "Hela" limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika bara mwaka 1904. "Shule" nalo ni la Kijerumani. Mtoto wa 1873 alikwenda chuoni, akasoma Kurani. "Shilingi" ilichukua nafasi ya rupia Unguja mwaka 1936. Kwa hiyo wahusika wenu wahesabu kwa reale (sarafu kubwa ya fedha), rupia na pesa, na hapo "pesa" ni sarafu ndogo ya shaba, si fedha kwa jumla. "Ndugu" kama cheo cha kumwitia mtu yeyote ni ya siasa ya Tanganyika na Tanzania ya karne ya ishirini, na "mwananchi" wa hotuba ni wa wakati huohuo.

Msiogope, lakini, kila neno lenye sura ya kigeni. "Meza", "bendera", "gereza" na "leso" ni ya Kireno, yalikwisha kuzoeleka karne nyingi kabla ya hadithi yenu. "Balozi" pia ni la zamani, na lilitumika kwa konseli, yaani mwakilishi wa nchi ya kigeni. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja, anaweza kuitwa balozi bila wasiwasi. "Meli" liko mpakani, kwa kuwa linatokana na mail, neno la Kiingereza la barua, kwa ajili ya merikebu za moshi zilizozibeba, na safari zake za kawaida kufika Unguja zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mwaka 1873 ni neno jipya mjini. Mwaka 1860 lisitamkwe kabisa. Hapo pana merikebu na majahazi.

Maneno yasiyojulikana hayana hatari sana, kwa sababu mtazamaji anajua kwamba hajui. Yanayoharibu ni yale anayoyajua kwa maana nyingine. "Bibi" wa Unguja ya wakati ule ni mwanamke mwungwana, hata awe na miaka ishirini, na kijakazi humwita hivyo bwana akiwapo au asiwepo. Mtazamaji wa leo, hasa wa bara, anasikia mama wa baba au wa mama. Akilisikia mara ya kwanza huku kamera iko kwa kijakazi peke yake, atamsubiri kikongwe atokee mlangoni. Dawa ni ya picha, si ya maneno: neno lisemwe wakati uso wa mwitwaji unaonekana. "Chuo" ni vivyo hivyo. Likitajwa mara ya kwanza, waonekane watoto na mbao zao za kuandikia. "Mshenzi" leo ni tusi la kumrushia yeyote. Wakati ule lilimpangia mtu daraja: wa kutoka bara, asiye Mwislamu, asiyehesabiwa mwungwana. Mwigizaji akilitamka kwa hasira kila mara, linapoteza ubaridi wake, na ubaridi huo ndio ukweli wa jamii ile.

"Uhuru" linahitaji uangalifu kuliko yote. Kwa maana ya wakati huo ni hali ya mtu asiye mtumwa, au aliyeachwa huru na bwana wake. Halikuwa la nchi na bendera. Tena mkataba alioutia saini Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, tarehe 5 Juni 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Haukufuta utumwa wenyewe, ambao sheria ya Unguja iliacha kuutambua mwaka 1897. Mhusika akipiga kelele sokoni "tumepata uhuru!" amekosea lugha na historia kwa pumzi moja. Vilevile "sisi Waafrika". Mtu wa mjini alijitambulisha, au alitambulishwa na wengine, kama Mhadimu, Mngazija, Mnyamwezi, Myao, Mmanga, Mshihiri.

Salamu nazo zina daraja. "Shikamoo" leo ni heshima kwa mkubwa yeyote. Enzi hiyo ilikuwa na uzito wa mtumwa mbele ya bwana wake. Waungwana wa rika moja wapeni "sabalkheri" na "masalkheri". Mtazamaji atazielewa papo hapo, kwa hiyo hapa usahihi haugharimu chochote.

Nyakati ni mtego wa peke yake. Siku ilianza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule tunaouita leo Alhamisi usiku. Mkipanga njama ya "usiku wa Ijumaa", nusu ya watazamaji watapotea siku nzima. Semeni "usiku wa kuamkia Ijumaa", au "baada ya isha". Miadi ya watu wasio na saa ifungwe kwenye sala: baada ya alasiri, kabla ya magharibi.

Kuhusu kipimo cha kutia maneno ya kale: moja kwa kila jibizano latosha, na liwe na kitu cha kushika. "Frasila" ikitajwa, mizani ionekane na karafuu zimwagwe juu yake. Maneno mawili mageni katika sentensi moja humfanya mtazamaji aanze kutafsiri, na akitafsiri haioni tena sura ya mwigizaji. Msimpe mhusika kazi ya kufafanua: "frasila, yaani kama kilo kumi na sita". Kilo hiyo ataijulia wapi?

Kwa ukaguzi, mtu mmoja asome muswada akipigia mstari nomino tu, asifuate hadithi. Kila nomino yenye shaka itafutwe kwa Steere, kisha katika kamusi ya Krapf ya 1882 na ya Sacleux ya 1939, ambayo hutaja lahaja na asili ya maneno. Neno kukosekana kwa Steere si hukumu, kwani orodha yake ni fupi, ila ni sababu ya kuuliza tena. Kazi hii ifanywe kabla waigizaji hawajakariri. Kubadilisha neno moja mbele ya kamera huzaa kigugumizi, na kulibadilisha baada ya kupiga picha humaanisha kurekodi sauti upya huku midomo ikikataa kulingana nayo.

Jambo la mwisho si la kusemwa bali la kusomwa. Barua ikionyeshwa kwa karibu, iwe kwa hati ya Kiarabu. Hati ya Kirumi wakati huo ilikuwa zaidi ya wamisionari na makonseli. Aliyeipokea aisome kwa sauti, na tatizo la mtazamaji limekwisha.