Si kila kilo ni ya thairoidi

Mbeya mwanamke akinenepa, ushauri wa kwanza anaopewa ni kupunguza wali. Mimi nilipunguza. Lakini kilichonipeleka hospitali hakikuwa uzito, ilikuwa baridi: Oktoba watu wameshavua masweta, mimi bado nimejifunga blanketi, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana, sauti inakwaruza. Vipimo vya damu vya TSH na T4 vikaonyesha thairoidi, ile tezi ya mbele ya shingo, inafanya kazi chini ya kiwango. T4 ni homoni ya tezi yenyewe; TSH ni homoni ya kichwani inayoisukuma tezi, nayo hupanda tezi ikizembea.

Daktari akaniambia jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia. Tezi ikizembea kwa kawaida huongeza kilo 2 hadi 5 hivi, na sehemu kubwa ni maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Nilipoanza dawa uso ulipungua uvimbe na usingizi wa mchana ukaisha. Kiuno, ah, hicho kilisubiri mpaka nipunguze soda na chapati, nianze kutembea kwenda Mwanjelwa badala ya kupanda bajaji.

Mambo huenda kinyume pia: unene wenyewe unaweza kupandisha TSH kidogo, na mtu akipungua nayo ikashuka. Kwa hiyo shoga, ukipewa karatasi yenye TSH iliyozidi kidogo tu, usikimbilie duka la dawa. Uliza T4 ikoje, omba kipimo kirudiwe. Levothairoksini, hiyo dawa ya tezi niliyopewa, si dawa ya kukata kitambi. Mwenye tezi nzima akiimeza, moyo unamwenda mbio na mifupa inaweza kudhoofika. Vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa WhatsApp bila kueleza kilichomo, mimi sivigusi.

Ukiandikiwa dawa kweli, imeze asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu viachane nayo kwa muda wa saa nne. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ukipanga kubeba mimba, mwambie daktari mapema, maana dozi mara nyingi hupandishwa.

Bibi zetu huku Nyanda za Juu Kusini waliijua sana goita, ule uvimbe wa tezi shingoni, ndiyo maana wapo wanaoiogopa hata kabichi wakidhani itawaletea. Nunua chumvi yenye madini joto, uifunike isipate unyevu, wala usiizidishe ukidhani itakupunguza. Kabichi ipike, ule.