Jibu: Tangi la lita 60 Mbeya, samaki gani wakae pamoja?

Mkuu, umeuliza kama kwenye tangi lako la lita 60 unaweza kuchanganya gapi, goldifishi, enjelifishi mmoja na wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa ambao shemeji yako wa Kyela amekuahidi. Nimefuga samaki wa urembo Iringa na sasa nafugia hapa Mbeya, kwa hiyo nakujibu kwa hali ya hewa yetu. Ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa na watu wanaolala bila shuka.

Hao wanne hawakai pamoja. Ila kabla ya nani anamla nani, tuongee baridi.

Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na maji machache hupoa haraka kuliko mengi. Gapi anataka nyuzi 22 hadi 28. Akipigwa baridi utamkuta asubuhi yuko chini kabisa, mapezi yamegandamana na mwili, mkia umefungwa kama mwamvuli, anatikisika palepale bila kusogea. Baada ya siku chache vinatokea vidoa vyeupe mwilini na watu wanaanza kumlaumu muuzaji, kumbe baridi ndiyo iliyomdhoofisha hadi kimelea kikapata nafasi.

Kwa hiyo hita ni lazima. Kwa lita 60 chukua ya wati 100 inayojizima yenyewe joto likifika, weka na kipimajoto, na tangi lisikae dirishani. Umeme ukikatika usiku, zungushia blanketi na uache mwanya juu hewa ipite.

Sasa chagua samaki ambao joto lao linakutana. Mimi nakushauri danio sita wa milia, plati watatu (dume mmoja, majike wawili) na koridorasi watano wa ile aina ya madoadoa meusi. Wote wanaishi vizuri kwenye nyuzi 21 hadi 23. Hata umeme ukipotea na maji yakashuka hadi 18 kufikia alfajiri, danio na koridorasi hawatishiki, na plati atavumilia. Kila mmoja ana sehemu yake: danio juu, plati katikati, koridorasi chini. Danio usimnunue mmoja au wawili. Wakiwa wachache wanahamishia ukorofi kwa wengine. Wakiwa kundi wanakimbizana wenyewe kwa wenyewe. Na ni warukaji, funika tangi.

Koridorasi mtandikie mchanga laini uliooshwa, si kokoto zenye ncha, maana anachimbua chakula kwa sharubu na zikichubuka anaugua. Usishtuke ukimwona anachomoka ghafla hadi juu, anameza hewa na kurudi chini. Ndivyo alivyoumbwa, sehemu ya hewa anaipumua kwa utumbo. Ila wakianza kufanya hivyo wote mfululizo, kagua maji.

Goldifishi hamudu tangi hilo. Baridi anaiweza kuliko wote uliowataja, lakini anakua kupita sentimita 20, anachafua maji kupita kiasi, na kinachoingia mdomoni mwake anakimeza. Jirani yangu aliwaweka na gapi, akawa anashangaa mbona gapi wanapungua na maiti haionekani. Enjelifishi ni hivyohivyo: akiwa mdogo ni mpole, akikomaa watoto wa plati ni kitoweo chake. Na ukiuziwa pleko kwa maneno kwamba "anasafisha tangi", jua kuwa pleko wa kawaida anapita sentimita 30.

Wa Nyasa ndio wanaotuponza watu wa huku, kwa sababu wapo karibu na ni wazuri mno. Ukienda Matema, kule mwisho wa mchanga ambako milima ya Livingstone inaingia ziwani, simama juu ya miamba uangalie maji yakiwa yametulia. Utawaona mbuna, ndio hao samaki wa rangi, wa bluu wakikwangua mwani kwenye mawe, na dume akilinda jiwe lake: anayekatiza anafukuzwa, anayeng'ang'ania anang'atwa. Ziwani anayefukuzwa ana pa kwenda. Kwenye tangi lenye urefu wa sentimita 60 anafukuzwa hadi kona, na mchezo unaishia hapo. Wafugaji wa mbuna wanatumia matangi ya lita 200 na zaidi, yenye mapango mengi. Maji ya ziwa nayo ni ya alkali na vuguvugu mwaka mzima, na chakula cha nyamanyama kikizidi wanavimba tumbo. Mbuna ni mradi wa peke yake. Na kuvua samaki wa mapambo ziwani kuna taratibu zake, shemeji apite kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya.

Ukikosa samaki hapa ukaagiza Dar, mwambie muuzaji mfuko uwe theluthi moja maji na kinachobaki oksijeni, kisha mifuko iwekwe kwenye deli lenye mfuniko. Basi likipita Mafinga na Makambako usiku, baridi ya kwenye buti si mchezo. Wakifika, acha mfuko uelee juu ya maji ya tangi kama dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kabla ya kuwaachia. Maji ya mfukoni mwaga.

Ila usiagize leo. Washa filta na hita kwanza, maji ya bomba uyatie dawa ya kuondoa klorini, na utupie punje chache za chakula ili bakteria wanaogeuza amonia (sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula) waanze kuzaliana. Inachukua wiki nne hadi sita, na maji yakiwa baridi ni zaidi. Ukiwa na vipimo, amonia na naitraiti (sumu ambayo amonia inageuka kwanza) zote zisome sifuri. Hapo ingiza danio. Plati wafuate baada ya wiki mbili, na koridorasi wawe wa mwisho, kwa sababu uchafu wa tangi jipya unawaumiza wao kuliko wenzao.