Picha zinazotoka na giza zikichapishwa

Pole, ndugu. Umesema picha zako za soko la Gikomba zinapendeza kwenye laptopu, lakini ukizichapisha mjini kwa ukubwa wa karatasi ya A3 sehemu za vivuli zinakuwa nyeusi tupu. Mara nyingi tatizo ni skrini yenye mwanga mkali mno. Ipunguze mpaka ilingane na karatasi nyeupe iliyo kando yake, kisha hariri upya. Mwombe mchapishaji profaili ya ICC (faili inayoeleza jinsi printa na karatasi zinavyotoa rangi) ya karatasi ileile utakayotumia, uione picha itakavyotoka. Karatasi ya pamba isiyong'aa hufifisha weusi. Kabla ya kulipia zote, chapisha kipande kidogo chenye kivuli kizito na uso wa mtu, ukitazame nje mchana, si chini ya taa ya duka. Za kuuza? Sisitiza wino wa pigimenti (wenye chembe ndogo za rangi), haupauki upesi. Giza likibaki, tafuta fundi mwenye kifaa cha kupima rangi za skrini.