Boti ya faiba ikipauka usikimbilie rangi

Kuna ndugu kaniandikia kutoka Mwanza, boti yake ya faiba imepauka, ukiipapasa mkono unatoka na unga mweupe, na fundi ameshamwambia anunue rangi. Kaka, hizo hela zishike kwanza. Juzi tu nimemaliza boti ya mzee mmoja anayevua bwawa la Nyumba ya Mungu, ililetwa gereji kwangu hapa Moshi juu ya fuso ikiwa hoi kuliko hiyo yako, na leo ubavuni inang'aa bila hata tone la rangi.

Niseme ukweli hii kazi iliniuma. Mzee alikuja kwangu mwanzo kabisa, nikamwambia tuoshe, tupige msasa, tuone. Mtu akamwambia huyo si fundi wa daladala tu, boti ataijulia wapi, basi mzee akaondoka. Huko alikoenda wakapiga rangi ya gari juu ya uchafu na matobo ya chini wakaziba kwa puti ya gari, aisee! Puti ya gari inanyonya maji, chini ya mstari wa maji unatakiwa puti ya epoksi, ile ya gundi ya kuchanganya sehemu mbili. Haikuchukua muda rangi ikabanduka mapande na puti ikavimba. Aliporudi sikumsema, nilimwagizia chai tukaanza kuibandua ile takataka.

Sasa sikilizeni. Ngozi ya juu ya faiba ni jelikoti, nyembamba, kama nusu milimita hivi, na jua ndo linaila mpaka inakuwa chaki. Lakini chini ya ile chaki mara nyingi rangi yake ya asili ipo. Pitisha kitambaa chenye maji, pakilowa rangi ikirudi ujue jelikoti bado hai.

Halafu OSHA. Sabuni, kisha thina, kitambaa unabadilisha kila mara, usizungushe uchafu uleule. Ukianza msasa kabla ya kutoa nta na mafuta unayasukumia ndani ya mikwaruzo, ukija kupiga rangi inakimbia na kuacha vijishimo. Mwagia maji, yakitandaa pamoja ni safi, yakijikusanya matone matone rudia kuosha. Mafundi vijana hapa ndo mnapopakimbia kwa sababu mteja haoni, mnataka aone rangi tu achukue boti mlipwe, ila mwenzenu anaingia majini na hicho chombo, ana watoto nyumbani, tuogopeni Mungu jamani.

Mengine ni mkono tu, msasa wa maji namba 600, 800, 1000 (namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi), halafu kompaundi, ile dawa ya kung'arisha, mwisho waksi. Ukiona nyuzi za faiba zinachungulia simama hapohapo, jelikoti imeisha, hapo ndo rangi inahusika: praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, msasa 320, halafu rangi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha, na uulize dukani kama inavumilia kukaa majini muda wote. Mimi ya chini ya boti ya mzee nilipiga asubuhi mapema, maana jua la mchana la Moshi linakausha thina rangi haijatandaa. Na maski vaeni, vumbi la faiba si la kuvuta.

Ndugu wa Mwanza, lowesha kipande kimoja ubavuni, nitumie picha ya palipolowa na palipokauka, nitakwambia uanze na 600 au 800.