Kutapika na kuhara kunakorudi kituoni

Swali: Katika kituo chetu cha kulelea watoto wa mwaka 1 hadi 4, wengi walitapika na kuhara mwezi uliopita. Tuliweka kitakasa mikono mlangoni na kupiga deki kila siku, lakini ugonjwa umeanza upya. Tumekosea wapi?

Jibu: Kutapika kwa ghafla kunakoanza kwa mtoto mmoja na kuwafikia wenzake baada ya saa 12 hadi 48 kunanifanya nishuku norovirusi, yaani virusi vya kutapika na kuhara vinavyoambukiza kwa urahisi, ingawa uthibitisho hutolewa na maabara kwa kupima choo. Chanjo ya rota, ambavyo ni virusi vingine vya kuhara, hata kama watoto wote wameipata, haikingi virusi hivi.

Kitakasa mikono, kwa maoni yangu, kimewapa imani isiyostahili. Norovirusi haina utando wa mafuta ambao alkoholi ya kitakasa huuharibu, hivyo mikono haina budi kuoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kugusa chakula.

Deki nayo ina kasoro yake. Mtoto anapotapika mkekani, matone madogo huruka mbali kuliko doa linaloonekana, na tambara likipitishwa hapo kisha likaendelea chumba cha pili, hueneza kile lilichokusudiwa kuondoa. Waondoeni watoto kwanza, vaeni glavu, kusanyeni matapishi kwa karatasi za kutupwa, osheni kwa sabuni, na hapo ndipo mpake dawa ya klorini, kwa sababu uchafu ukibaki huidhoofisha. Kwa dawa ya asilimia 5, mililita 20 katika lita 1 ya maji zinatosha. Iachwe dakika 10, ichanganywe upya kila siku, na isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya usafi. Vitasa na midoria vipanguswe vivyo hivyo, kisha midoria isuuzwe.

Hata hivyo, ninashuku zaidi watoto wanaorudi mapema. Asirudi mtoto, wala mlezi aliyeugua, kabla ya saa 48 kupita tangu alipotapika au kuhara mara ya mwisho. Na kwa kuwa virusi huendelea kutoka pamoja na kinyesi cha aliyeugua kwa wiki 2 au zaidi, uangalifu wa nepi uendelee baada ya hapo. Wazazi waelezwe kwamba antibiotiki haisaidii, kwamba mtoto anyweshwe ORS (chumvi na sukari maalumu inayochanganywa na maji) kidogo kidogo, na kwamba akilegea, akilia bila machozi, akikosa mkojo kwa saa nyingi au akihara damu apelekwe hospitali mara moja.