Debian imesakinishwa hadi mwisho, mini PC inasema haina cha kuwasha

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naendesha steshenari hapa Morogoro na nimenunua mini PC yenye prosesa ya Intel N100, RAM GB 16 na SSD ya NVMe ya GB 512. Ilikuja na Windows. Nataka iwe seva ya kutunzia faili za wateja, kwa hiyo nikafuta kila kitu nikaweka Debian 12 (mfumo wa Linux). Usakinishaji unafika mwisho bila kosa, lakini nikichomoa flashi na kuiwasha upya napata maandishi "No bootable device". Nimerudia kusakinisha, hali ni ile ile. Fundi wa hapa anasema SSD imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela, naomba ushauri.

JIBU: Dada, hela yako ibaki mfukoni kwanza. Diski ambayo imepokea mfumo mzima zaidi ya mara moja bila kulalamika ni vigumu kuwa imekufa. Dalili ulizoeleza zinaonyesha kwamba Debian imo ndani ya SSD, ila BIOS, yaani programu ya mazabodi inayoanza kwanza mashine ikiwashwa (kwa mashine za sasa ni UEFI), haijui pa kuitafuta.

Debian ikisakinishwa huweka faili zake za kuwashia katika patisheni (sehemu ya diski) ndogo ya FAT32, ndani ya folda EFI/debian. Kisha huandika kwenye kumbukumbu ya UEFI, iliyomo kwenye mazabodi yenyewe, kwamba mfumo unaoitwa "debian" unapatikana mahali fulani. UEFI iliyotengenezwa kwa umakini hufuata maelezo hayo. Lakini mini PC nyingi za bei nafuu zina UEFI inayoyapuuza, au inayoyafuta mashine ikizimwa. Hapo hubaki njia moja tu ya akiba, ambayo kila UEFI ya biti 64 kwa prosesa za aina hii huifahamu: faili iitwayo BOOTX64.EFI ndani ya folda EFI/BOOT. Windows huweka nakala yake hapo pia, ndiyo maana ilikuwa inawaka bila shida. Debian kwa kawaida haiweki, kwa sababu nafasi hiyo ni moja na haitaki kufuta ya mfumo mwingine uliomo kwenye diski hiyo hiyo. Kwako Windows haipo tena, kwa hiyo hakuna wa kugombana naye. Na ndiyo maana kurudia usakinishaji hakukusaidia: kila mara faili ziliwekwa pale pale.

Chomeka flashi yako ya Debian na uwashe kutoka humo. Menyu ya kwanza ikitokea, soma kichwa chake. Kikiwa na neno "UEFI", endelea. Kikisema "BIOS mode", zima, ingia kwenye menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia na uchague flashi hiyo hiyo kwenye mstari ulioanza na "UEFI:". Ukisakinisha upande mmoja na kuwasha upande mwingine, mashine haitawaka, na wengi hukwama hapo.

Sasa chagua Advanced options, halafu Rescue mode. Itakuuliza lugha na mtandao kama ilivyofanya mwanzo. Hilo lisikutishe, haifuti kitu. Ikiuliza patisheni ya mfumo, chagua ile kubwa, mara nyingi ni /dev/nvme0n1p2. Ikiuliza kama iunganishe /boot/efi, kubali. Kwenye orodha itakayofuata chagua "Force GRUB installation to the EFI removable media path"; GRUB ni programu inayoifungua Debian, na hapa inawekwa kwenye ile njia ya akiba ya EFI/BOOT. Ikimaliza, zima, chomoa flashi, washa. Natarajia Debian itafunguka.

Ikifunguka, endesha amri hii ili GRUB ikija kusasishwa ile nakala nayo isasishwe:

sudo dpkg-reconfigure grub-efi-amd64

Kati ya maswali yake limo linalohusu "removable media path". Jibu ndiyo. Usiiruke hatua hii.

Kuna watakaokuambia uzime Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa kuwasha programu isiyo na sahihi inayotambulika. Mimi sioni sababu. Debian inaikubali tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na kama Secure Boot ndiyo ingekuwa inakataa, kwa kawaida ungeona ujumbe wa sahihi au usalama, kama "Security Violation". Hata kwa wasomaji wengine, naomba sana: kabla ya kubadilisha chochote, tazama mashine inasimama wapi. Ikisimama kabla ya GRUB kuonekana, kama yako, shida iko kwenye UEFI na njia ya faili. Ikisimama kwenye "grub rescue>", GRUB imepatikana lakini haioni patisheni yake. Ikikutupa kwenye "(initramfs)", kerneli (kiini cha mfumo) imewaka ila haioni diski yenye mfumo. Na menyu ya GRUB ikipita kisha skrini ikawa nyeusi, shuku picha: bonyeza e kwenye menyu, ongeza nomodeset mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha Ctrl+X. Hilo huwapata zaidi wanaoweka matoleo ya zamani. N100 ilitoka Januari 2023, na kerneli 5.10 ya Debian 11 ni ya kabla yake. Wewe una kerneli 6.1 ya Debian 12, uko salama.

Kwa kuwa itakuwa seva na umeme hukatika, tafuta pia kwenye BIOS kipengele cha "Restore AC Power Loss" na ukiweke "Power On", ili ijiwashe umeme ukirudi. Ukiona baada ya umeme kukatika tarehe imerudi nyuma miaka na mipangilio imefutika, angalia betri ndogo ya mazabodi. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, ila kwenye mini PC mara nyingi ina waya na plagi yake, kwa hiyo nunua inayofanana. Saa ikiwa nyuma, apt (programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha) nayo huanza kukataa masasisho ikidai hayajafikia muda wake.

Kama baada ya haya bado unaona "No bootable device", rudi Rescue mode, ruhusu ufungue sheli (sehemu ya kuandika amri) ndani ya mfumo wako, kisha andika lsblk -f na efibootmgr -v. Piga picha skrini zote mbili unitumie. Hapo ndipo tutazungumza habari za SSD.