Kabla ya Kusema Chembe za Nano Zimemuua Samaki

Wiki iliyopita dada mmoja anayesoma shahada ya uzamili aliniandikia kwamba viinitete vyake vyote vya samaki pundamilia vimekufa ndani ya saa 24, akauliza kama sasa anaweza kuandika kwamba chembe zake za nano za fedha, yaani vipande vidogo mno vya madini ya fedha, ni sumu. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kwa sababu sentensi hiyohiyo niliwahi kuiandika mimi, nikaituma kwenye jarida la kisayansi, ikanirudia.

Nilikuwa nikisoma Ujerumani. Samaki hawa hutaga asubuhi taa zinapowashwa, nasi tuliyakusanya mayai kwa chujio la chai na kuyapanga moja moja katika sahani zenye vishimo 24. Raha yake ni kwamba yai huwa angavu, hata siku ya pili unauona moyo ukipiga chini ya hadubini bila kuupasua mwili. Mwongozo wa upimaji namba 236 wa OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, wa mwaka 2013, unataka viinitete vitazamwe kwa saa 96 kwa dalili nne za kifo: yai kuganda, pingili za mwili kutojengeka, mkia kutoachana na kiini cha yai, na moyo kutopiga. Nilipoziona nilishangilia vifo, jambo linalonitia aibu mpaka leo.

Mhakiki wa jarida aliuliza jambo moja tu: kundi la nitrati ya fedha, chumvi inayotoa fedha iliyoyeyuka bila chembe, liko wapi? Chembe za fedha zikikaa majini huyeyuka kidogo kidogo na kuachia ayoni, yaani atomi za fedha zenye chaji, ambazo zenyewe ni sumu kali kwa samaki. Bila kundi lililotiwa ayoni peke yake, sikuweza kujua muuaji ni nani. Tena chumvi za maji ya kulelea zilikuwa zimezigandanisha chembe, zikatuama chini ya vishimo kama vumbi la kijivu ambalo nililiona na kulidhania uchafu, kwa hiyo kipimo nilichokiandika kwenye jedwali sicho kilichokifikia kiinitete. Msimamizi wangu, aliyekuwa ameisifu rasimu ile, aliniambia alidhani ninayajua hayo. Sijalisahau neno lile.

Kwa hiyo, mdogo wangu, yapime maji kwanza. Pima ukubwa wa chembe ndani ya maji yaleyale ya samaki, mwanzoni na mwishoni, na upime ayoni zilizoyeyuka. Ukihamia chembe za oksidi ya zinki, hadithi ni ileile, kwani ayoni za zinki zinaweza kuzuia mayai yasianguliwe. Sisi tunaotafuta shahada tuna haraka ya grafu nzuri, na haraka hiyo tunaiita bidii. Acheni tabia hiyo, yapimeni maji.

Usinitumie tena picha za viinitete vilivyokufa. Nitumie picha ya chini ya kishimo, kabla hujakiosha.